Magari ya LEGO: Chagua skeli moja kabla Probox yako ikuwe kubwa kuliko mathree

Umeset mtaa wako wa LEGO juu ya meza. Kuna duka, kuna stage, kuna keja za ghorofa mbili na mama mboga kwa kona. Halafu unaleta moti zako zote barabarani na kitu kinakataa. Probox imetoshana na mathree. Gari ya polisi ni pana kuliko lori la takataka. Nduthi inafika kwa dirisha la basi. Ukicheki kila moti peke yake iko fiti, lakini zikisimama pamoja mtaa unakaa tu droo ya mtoi.

Usijilaumu ati hujui kujenga. Shida hapo ni skeli, yaani umepunguza kila gari kwa kiasi tofauti. Na hii ni shida ya doh, buda. LEGO si kitu unaokota. Ukijenga basi kwa upana usiofaa, huwezi kulipanua kidogo hapa na kidogo pale. Unalibomoa lote, halafu unaanza kusaka vipande ambavyo huna, vya rangi ambayo haipatikani. Hesabu inafanywa kwanza, kabla ya tofali la kwanza. Ni hesabu ya primo, kugawanya tu. Mimi chuo niliacha katikati na bado inaniingia.

Ukiona mtu ameandika 1:42, soma "moja kwa 42". Maana yake gari halisi limegawanywa mara 42 kila upande: urefu, upana na kimo. Namba ikiwa ndogo, toy ni kubwa. Kwa hivyo 1:30 ni moti kubwa kuliko 1:50. Watu wengi huigeuza hiyo, kwa hivyo ishike mapema.

Jua tofali lako kwanza

Chukua tofali la kawaida. Zile nundu ndogo za juu, tuziite vinundu. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kile kinachofuata ni milimita 8. Tofali lenyewe lina kimo cha milimita 9.6, bila kuhesabu kinundu. Kuna pia zile nyembamba, ambazo tatu zikilaliana zinatoa kimo cha tofali moja. Hizo ni milimita 3.2 kila moja, na hapa nitaziita slesi, juu zinakaa mkate. Mfumo huu ulisajiliwa Denmark mwaka 1958, na tofali la wakati huo bado linashikana na la leo. Zile za kampuni zingine zinazouzwa huku town pia, nyingi zimefuata milimita 8 hiyo hiyo.

Ya kuchunga ni Duplo, ile ya watoi wadogo. Hiyo ni mara mbili kila upande, kinundu hadi kinundu milimita 16. Ukipata moti ya Duplo ndani ya mfuko wa mtumba, pelekea mtoi wa jirani. Mtaani kwako haina kazi.

Halafu kuna kamsee mwenyewe, yule mtu mdogo wa plastiki mwenye kichwa cha njano. Alianza kuuzwa 1978, na ana kimo cha karibu sentimita 4 bila nywele wala kofia. Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanasema, "Nitajenga moti inayomfaa kamsee." Poa, lakini kamsee anakufaa kwa kipimo gani?

Tuseme mtu wa kawaida ni mita 1.7. Gawanya kwa sentimita 4 upate kama 1:42. Sasa mpime kwa upana. Kutoka mkono hadi mkono kamsee ana karibu milimita 24. Mabega ya mtu halisi ni kama sentimita 48. Hapo skeli inakuwa 1:20. Mtu mmoja, skeli mbili, na moja ni mara mbili ya nyingine. Ama iangalie hivi: ukimkuza kamsee mara 42 afike mita 1.7, mabega yake yatakuwa mita moja nzima. Huyo hawezi kupita kwa mlango wa mathree hata akiingia kwa ubavu.

Kwa hivyo hakuna skeli "ya ukweli" ya kamsee. Yeyote anayekuambia iko anakupima kwa upande mmoja tu. Kimo kikikuongoza, moti zako zitatoshea mtaani lakini wasee hawatatoshea ndani. Upana ukikuongoza, kila msee atakaa kwa siti yake lakini moti zitakuwa matanki. Hakuna ujanja wa kukwepa hiyo, ni kuchagua.

LEGO wenyewe hawajachagua moja

Ungedhani wenye kampuni wametatua hii kitu. Wapi! Kamsee alipotoka 1978, moti ndogo za mtaani zilikuwa na upana wa vinundu 4. Ukitoa kuta mbili za gari, kinundu kimoja kila upande, ndani kunabaki vinundu 2, na hiyo ni nyonga ya kamsee mmoja tu. Ndiyo maana moti nyingi za kitambo zina dere bila abiria, na dere anakaa katikati kama mtu anaendesha trekta. Mtindo huo ulidumu miaka mingi.

City ilipoingia 2005, upana ulianza kupanda polepole, na siku hizi moti nyingi za City ni vinundu 6. Halafu 2015 wakaleta Speed Champions, zile moti za mbio zenye majina ya kampuni halisi. Zilianza na vinundu 6, na 2020 zikaruka hadi 8 ili umbo la gari litoke vizuri na wasee wawili waweze kukaa bega kwa bega.

Sasa fikiria mtu ambaye ameokota vyote hivyo kwa miaka tofauti, ama amenunua mfuko mmoja wa mtumba uliochanganywa. Ako na teksi ya vinundu 4, lori la zima moto la vinundu 6 na gari la mbio la vinundu 8. Piga hesabu. Gari la mbio halisi lina upana wa karibu mita 2. Milimita 64 hapo ni 1:31. Lori la zima moto lina upana wa mita 2.5, na kwa milimita 48 hiyo ni 1:52. Zikisimama kwa taa moja, moti ya mbio ni pana kuliko lori linalobeba maji na ngazi. Kila moja ilitengenezwa na wataalamu, na zote ni safi zikiwa kwa boksi lake. Zilitengenezwa tu bila kufikiriana.

Hii si kitu mpya kwa toy. Matchbox zilipoanza Uingereza 1953, wazo lilikuwa kila gari liingie kwa boksi la saizi ya kibiriti. Basi la London lilipunguzwa liingie humo, na gari dogo pia liingie humo. Boksi ni moja, skeli ni mbili. Mtoi hakujali, na mpaka leo hajali. Wewe unajali ndiyo maana bado unasoma.

Rula moja, kinundu kimoja

Sasa pendekezo langu. Kama unajenga mtaa wenye moti ndogo, mathree, mabasi na malori pamoja, fanya kinundu kimoja kiwe rula moja ya shule, ile ya sentimita 30. Hiyo inatoa 1:37.5. Huko Marekani na Uingereza wajenzi wengi hutumia kinundu kimoja kwa futi moja, ambayo ni karibu kitu kile kile, 1:38. Sababu ya kuipenda ni rahisi: huhitaji kikokotoo. Ukiona gari parking, unaweza kulipima kwa macho. Hii ni rula ngapi? Basi vinundu ni vingapi? Umemaliza. Kwenda juu, tofali moja ni sentimita 36 na slesi moja ni sentimita 12.

Tuanze na Probox, juu ndiyo gari la taifa. Upana wake ni karibu mita 1.69, urefu kama mita 4.2, na kimo karibu mita 1.5. Gawanya kwa sentimita 30: upana unatoka vinundu 5.6, urefu 14. Kimo ni milimita 40, tofali 4 na slesi moja hivi, kutoka chini ya gurudumu hadi paa. Upana wa 5.6 ufanye 6. Usijaribu 5. Inajengeka, lakini vioo vingi vya mbele na vipande vya boneti vimetengenezwa kwa namba shufwa, na ukiwa na 5 utatumia wikendi nzima ukitafuta katikati.

Sasa mathree ya abiria 14. HiAce ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7, upana wa mita 1.69 hivi, na kimo cha mita 1.98. Soma tena huo upana. Ni ule ule wa Probox! Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanahisi mathree ni kubwa, kwa hivyo wanaipea vinundu 8, na Probox wanaibakisha 6 ama 4. Lakini kwa ukweli mathree hiyo haijapanuka. Imerefuka kidogo, na imepanda juu. Kwa skeli yetu ni upana 6, urefu kati ya 15 na 16, na kimo cha tofali 5 na nusu. Yaani tofauti ya Probox na mathree ni kimo cha tofali moja na kidogo, na paa lililo bapa mpaka mbele kabisa. Jenga hivyo, uziweke pamoja. Utaona mara moja mathree imeanza kukaa mathree.

Basi kubwa lina upana wa mita 2.5, hiyo ni vinundu 8 na kidogo. Malori ya mizigo pia yako hapo hapo. Kwa hivyo kanuni nzima ya barabara yako ni hii: moti ndogo na mathree za 14 ni vinundu 6, mabasi na malori ni 8. Nganya zako za kati, zile za abiria 33, bodi zake hutofautiana. Pima moja ukiwa stage, ama uifanye 7 kama una uvumilivu. Mimi ningeipea 8 na niipunguze kimo kidogo, juu bila 8 huwezi kubandika graffiti ikasomeka, na nganya bila graffiti ni gari ya shule.

Kitu kimoja kwa kimo. Kwa 1:37.5 kamsee anakuwa mtu wa mita 1.5, mfupi kiasi. Probox ikiwa na milimita 40, paa litamfika utosini, na mtaani paa la Probox linamfika mtu mzima usoni. Kama inakusumbua, toa slesi moja chini ya madirisha ya kila moti ndogo. Moja tu, na zote sawa. Ukitoa kwa moja na uache nyingine, umerudi pale pale tulianza.

Na abiria? Wacha nikuambie mapema usije ukalia. Ndani ya vinundu 6 kunabaki 4. Msee mmoja anakaa freshi, wawili wanabanana mikono ikigongana. Akikaa na miguu imenyooka anachukua kama vinundu 3 kwa urefu. Ndani ya HiAce yako kuna labda vinundu 12 vya kukaa, kwa hivyo ni wasee wanne mmoja nyuma ya mwingine. Wanne kati ya 14. Hiyo sacco itafunga. Suluhisho la wajenzi wengi ni kuweka vioo vyeusi vya nyuma na kusahau, na kwa mathree hata hivyo inaongeza luku.

Magurudumu yanaweza kukuchoma

Watu huweka akili yote kwa bodi halafu wanachomeka gurudumu lolote lililobaki. Jicho husoma gurudumu kabla ya kitu kingine. Tairi ya moti ndogo ni kama sentimita 60 kwenda juu, ambayo kwa skeli yetu ni milimita 16, sawa na vinundu viwili. Tairi ya lori ni kama mita moja, yaani milimita 27 hivi. Chukua rula, pima magurudumu uliyonayo, uyapange mafungu mawili. Ukipata Probox yenye tairi ya milimita 27, hata kama bodi ni sahihi, watu wataona gari la mashindano ya jangwani. Mafungu mawili yanatosha mtaa mzima, na yakichanganyika hakuna bodi itakuokoa.

Barabara na keja

Hapa 1:37.5 inapendeza mpaka unashangaa. Njia moja ya barabara kuu ni kama mita 3.5, ambayo ni karibu vinundu 12. Njia mbili ni 24. Ile sahani kubwa ya chini, ya vinundu 32 kwa 32, ina upana wa sentimita 25.6. Toa 24, unabaki na 8, gawa pande mbili, unapata njia ya miguu ya vinundu 4 kila upande, mita 1.2. Kamsee anapita, mama mboga anapata nafasi, na hakuna kinundu kimepotea.

Mlango je? Ule wa kawaida wa nyumba za LEGO za wakubwa una kimo cha tofali 6, ambayo ni milimita 57.6. Zidisha mara 37.5 upate mita 2.16. Huo ni mlango wa kawaida kabisa, ni vile tu umenenepa kidogo. Ghorofa moja ya mita 3 ni tofali 8 na slesi moja. Ukijenga keja kwa tofali 5 kila ghorofa, mathree yako ya tofali 5 na nusu itakuwa ndefu kuliko sebule, na wewe utaanza kulaumu mathree.

Lakini nyumba zina ruhusa ya kudanganya, magari hayana. KICC ina mita 105. Kwa skeli hii ni mita 2.8 za LEGO, inagonga siling ya keja yako, na hiyo doh ungejengea mzazi nyumba ocha. Punguza ghorofa, hakuna mtu atahesabu. Jicho la mtu linajua saizi ya gari juu linapita karibu nalo kila siku. Ghorofa za mjengo hazijui.

Urefu nao una ruhusa kidogo. Kontena la futi 40 lina mita 12.19. Hiyo ni vinundu 40, na sahani nzima ni 32. Trela lako linapita sahani hata kabla ya kichwa cha lori kufungwa. Wajenzi wazoefu wanafupisha: kontena la vinundu 28 ama 30, lakini upana unabaki 8 na kimo hakiguswi. Ukifupisha urefu peke yake, bado linakaa trela. Ukipunguza upana ili "lifanane" na ufupi wake, umetengeneza pikapu yenye boksi.

Reli ni kisanga kizuri. Njia ya treni ya LEGO ina nafasi ya karibu milimita 38 kati ya reli. SGR yetu inatumia milimita 1,435. Gawanya: 1:38. Yaani reli za LEGO na skeli ya rula zimeelewana kabisa, na treni ya Mombasa inapita mtaani kwako bila hesabu nyingine. Reli ya zamani, ile ya wakoloni ambayo treni za kwenda Kikuyu na Ruiru bado zinatumia, ni mita moja. Hiyo kwa njia ya LEGO ni 1:26, haiingiani. Shida ya SGR iko kwa bodi: behewa lina upana wa zaidi ya mita 3, yaani vinundu 10, na kona za LEGO ni kali mno. Kona yake ya kawaida, ukiikuza, ni ya nusu kipenyo cha mita 12 tu. Hakuna treni halisi inapinda hivyo. Behewa likiwa pana na refu litafyeka kila mlingoti wa taa kando ya reli. LEGO wenyewe hujenga treni za vinundu 6, wajenzi wengi wanaenda 8, na 8 ndiyo ningechukua. Inatoshana na basi, ambayo si kweli, lakini angalau haitoshani na Probox.

Kama matofali ni machache

Sasa tuongee ukweli wa mfuko. Kuongeza upana si kuongeza upana peke yake, juu gari linakua pande zote tatu. Ukitoka vinundu 4 hadi 6 umezidisha mara 1.5. Kwa gari tupu ndani, lenye kuta na paa tu, matofali yanaongezeka kama mara 2.25. Likiwa limejaa ndani, ni zaidi ya mara 3. Kutoka 6 hadi 8 ni kati ya mara 1.8 na 2.4. Kwa hivyo matofali ambayo yangekupa moti kumi za vinundu 4 yanakupa nne za 6, ama mbili za 8. Mtaa wenye moti mbili si mtaa, ni parking ya kanisa siku ya Jumanne.

Kama una ndoo moja ya matofali, shuka kwa mfumo wa 4 na 6, na ushuke na kila kitu. Moti ndogo na mathree ni vinundu 4, basi na lori ni 6. Hapo kinundu kimoja ni kama sentimita 42 na skeli ni 1:53. Probox inakuwa vinundu 10 kwa urefu na tofali 3 kwa kimo. HiAce ni 11 kwa urefu na karibu tofali 4 kwa kimo. Njia moja ya barabara ni vinundu 8, kwa hivyo sahani moja inakupa njia mbili na nafasi kubwa ya vibanda pande zote. Kamsee ndiye anaumia: anakuwa jitu la mita 2.1, paa la Probox linamfika mabegani. Lakini anaumia sawasawa kwa kila moti, na jicho husamehe hiyo baada ya dakika moja. Ukubwa wa Probox kwa basi unakaribiana na ule wa mfumo wa 6 na 8. Mtaa wa hivi, wenye moti kumi, unashinda mtaa wa Speed Champions mbili na teksi iliyopotea. Huo ni msimamo wangu na siutoi.

Mfumo wa 8 kwa moti ndogo nao ni wa nani? Ni wa mtu anayejenga gari moja la kuweka kwa shelfu. Probox ya vinundu 8 ni 1:26. Basi lake linahitaji vinundu 12, na njia mbili za barabara ni vinundu 33, sahani imeisha bila njia ya miguu. Gari zuri sana, mtaa hakuna.

Na vile vigari vya chuma? Hot Wheels na Matchbox za kawaida ziko karibu na 1:64, ndogo hata kwa mfumo wa 4. Weka kwa dirisha la duka la toy ndani ya mtaa wako. Zile za chuma zilizoandikwa 1:43 chini ya tumbo zinakaribiana na kimo cha kamsee, na zinaweza kusimama nyuma ya mtaa wa rula bila mtu kushtuka sana. Ukichukua za chuma, geuza kila moja usome tumbo kabla hujalipa.

Ukishachagua, usianze kujenga bado. Kata boksi la viatu: kipande kimoja cha saizi ya Probox, kimoja cha mathree, kimoja cha basi, kwa milimita ulizopata. Zisimamishe kwa sahani pamoja na kamsee mmoja, shuka macho yako yafike usawa wa meza, na upige picha. Kitu kikikaa vibaya kwa kadibodi, kitakaa vibaya kwa LEGO, na kadibodi ni bure. Hivyo vipande viweke. Kila moti mpya unayookota, iwe ya dukani ama ya mtumba, isimamishe kando yavyo kabla haijaingia barabarani.

Kuna moti moja haitii sheria hii, nayo ni nduthi. Boda halisi ina karibu mita 2 kwa urefu, kwa hivyo kwa rula ni vinundu 6 ama 7, hapo hakuna noma. Lakini mabega ya kamsee kwa 1:37.5 ni sentimita 90, mapana kuliko usukani wa pikipiki yenyewe. Ukijenga nduthi nyembamba ya ukweli, atakaa mtu mzima juu ya baiskeli ya mtoi. Hii moja ijenge kwa mwili wa kamsee, siti yenye upana wa vinundu viwili, na uirefushe kinundu kimoja ama viwili nyuma kwa abiria. Juu haina kuta wala paa, hakuna mtu atakuja kuipima na basi.